Siku Nilipozuiwa Kuzima Kibuyu cha Nasieku

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa Mwalimu Gathoni, mama mwembamba aliyetuchapa na mwiko wa ugali. Nakwambia hivyo ujue kwamba kutunga siwezi. Kutunga ni kazi ya waliosoma. Mimi kitu sijaona siwezi kukisema, na kitu nimeona siwezi kukipunguza. Hii niliona. Na usifikirie ilikuwa usiku, eti labda nilikuwa na usingizi. Ilikuwa saa nane mchana, jua liko juu, nguo zangu ziko kwa kamba zinakauka, redio ya jirani yangu Mutuku inaimba. Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize, halafu unisikilize.

Mambo yalianzia Bisil. Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa nauza vitunguu vya Kimana hapo sokoni, siku ya mnada wa ng'ombe. Kando yangu alikuwa anakaa mama wa Kimasai anaitwa Nasieku, anauza maziwa kwa vibuyu. Kwanza hatukuelewana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimasai changu hakikuwepo kabisa. Lakini mvua ikija tulikuwa tunaingia chini ya turubai moja, na watu wawili wakishiriki turubai miaka mitatu, wataachaje kuwa ndugu? Alinifundisha salamu yao ya wanawake, kujibu "Iko" nikiambiwa "Takwenya". Mimi nikamfundisha kukaanga kitunguu. Alisema kinanuka kama soksi za askari, lakini alikula na akaomba kingine.

Kitu kikubwa alichonifundisha ni kibuyu. Kibuyu cha Mmasai hakioshwi na maji na sabuni kama sufuria. Kinasafishwa na moto. Unachukua kijiti cha mutamaiyu, ule mzeituni wa porini wao wanaita oloirien, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unaingiza hilo kaa ndani ya kibuyu, unatikisa, unafunika, moshi unafanya kazi. Ukimaliza unamwaga makaa. Hapo kibuyu hakiingiwi na wadudu, na kinanukia vizuri hata ukikiweka mwaka mzima bila maziwa.

"Kibuyu kikikosa moshi kinakufa," Nasieku aliniambia. "Kama mzee akikosa ugoro."

Mwaka wa tisini na tatu alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka shanga za shingo zikawa zinalia. Asubuhi aliyokuwa anapelekwa hospitali Kajiado, alipitia barazani kwangu hapo Bisil na msichana wake wa pekee, Resiato, wa miaka tisa hivi. Akanipa kibuyu kidogo cha kulishia mtoto, chenye kifuniko cha ngozi na shanga nyekundu na nyeupe. Nilikitikisa nikasikia kitu kinagonga ndani.

"Weka hii, Mama Ciku," akasema.

"Ni nini?"

"Ni jiwe la mama yangu. Aliokota akiwa msichana, akichunga mbuzi upande ule wa Longido. Akanipa mimi. Sasa ni ya Resiato. Akiwa mkubwa atakuja kuchukua."

"Si uwaachie watu wa boma yako?"

Alicheka, kicheko kikaisha na kukohoa. "Nikiwaachia wa boma itakuwa ya boma. Mwenye nguvu atachukua. Wewe huna ng'ombe, na hutaki ng'ombe. Hutaibadilisha."

Nilimimina jiwe kwa kiganja. Lilikuwa dogo, refu kama kipande cha mwisho cha kidole changu, rangi ya chai ya turungi, ile haina maziwa. Ukilielekeza kwa jua kulikuwa na mwanga kidogo ndani, lakini ungeliona barabarani ungepita. Resiato alinyoosha mkono akalishika mara ya mwisho, akapitisha kidole gumba juu yake pole pole, vile mtoto anagusa uso wa mama yake gizani. Kisha akalirudisha mwenyewe ndani ya kibuyu.

Nilimwambia Nasieku, "Nitaliweka mpaka aje." Hilo ndilo neno nilitoa. Nasieku hakurudi kutoka hospitali. Resiato alichukuliwa na mjomba wake Parsaloi, mtu mzuri, akamsomesha Kajiado.

Nikahamia Kitengela, kwa ploti ya msichana wangu Ciku. Miaka ikapita kumi na zaidi. Kila mwezi nilikuwa natoa jiwe, naliweka kwa kikombe cha bati, natia kibuyu moshi vile nilifundishwa, kikipoa narudisha jiwe. Wajukuu walijua hicho kibuyu hakiguswi. Nje ya nyumba yetu aliyejua siri alikuwa mtu mmoja tu, Halima wa duka, mama wa Kisomali ambaye kwao walikuwa wanauza mbuzi kutoka Bisil mpaka soko la Kiamaiko, Nairobi. Halima alikuwa na mdomo mrefu kwa mambo madogo, lakini jambo kubwa ukimpa analifunga kama chumvi.

Basi mwaka wa elfu mbili na nne, siku hiyo, Halima akaja mbio mpaka kwangu.

"Mama Ciku! Yule msichana wako wa Kimasai amepiga simu ya duka. Anaolewa. Kanisani, huko Kajiado. Kesho anakuja kuchukua kitu ya mama yake. Sasa utapika nini? Usimpe kabeji, wallahi nitakuaibisha."

Nilifurahi kama aliyeolewa ni mimi. Nilisikia kama Nasieku amenitua mzigo kutoka mgongoni. Nikasema, huyu mtoto hatapokea kibuyu kinanuka vumbi. Nitakitia moshi mzuri ambao hajanusa tangu mama yake afe. Nikatafuta kijiti changu cha mutamaiyu, nikakichoma kwa jiko, nikaingiza makaa mengi, mengi kuliko siku zote, nikatikisa nikiimba.

Umeona nimekosea wapi?

Sikutoa jiwe. Miaka kumi sikuwahi kusahau, na siku niliyosahau ni ile ya furaha. Nilifunika kibuyu, nikakiweka kwa kivuli, nikaenda nyuma ya nyumba kuchinja kuku. Kumkimbiza tu yule jogoo kulichukua muda. Nilipomaliza kumnyonyoa, nikasikia harufu. Haikuwa ile ya moshi mzuri. Ilikuwa ya ngozi inaungua.

Nikakimbia. Kibuyu kilikuwa kimetoboka ubavu, na moto unatoka. Upepo wa Kitengela mnaujua, hauna adabu. Ulikuwa unapuliza yale makaa kama mtu ana haraka. Ndani ya lile shimo, katikati ya wekundu, nikaliona jiwe. Hapo ndipo nilikumbuka. Kando kulikuwa na beseni ya maji ya kusuuza nguo. Nikaiinua juu nimwage yote.

Mkono ukanishika.

Nishike hapa kwa kifundo cha mkono wa kulia, ndivyo nilishikwa. Mkono ulikuwa baridi, kama jiwe la mtoni asubuhi, na jua lile lote linawaka. Nikageuka nikaona mama mzee, mfupi kuliko mimi, kwa shuka la buluu lililochujuka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeraruka zamani likashonwa na nywele nyeusi, zile za mkia wa ng'ombe. Geti langu lilikuwa limefungwa na komeo. Hilo nililifikiria baadaye.

"Wacha," akasema.

"Inaungua!"

"Iungue. Kibuyu kinamea kwa shamba. Jiwe halimei."

"Mama, niachilie! Hiyo ni amana ya mtu!"

"Ndiyo maana nimekushika."

Nilivuta. Niamini, mimi nimebeba magunia ya vitunguu miaka ishirini, sikuwa mtu wa kushikwa. Lakini ule mkono haukusonga hata kidogo. Akasema, pole pole, kama anaongea na ndama, "Moto haujaliua. Maji ndiyo yataliua. Hujawahi kumwaga maji baridi kwa glasi imetoka chai?"

Nilikuwa nimewahi. Nani hajawahi? Glasi inalia tii! na unabaki na vipande. Nikaweka beseni chini.

Tukachuchumaa hapo, mimi na yeye, tukaangalia kibuyu cha Nasieku kikiungua mpaka mwisho. Shanga zilidondoka moja moja. Nililia. Yeye hakuniachilia mkono, na hakuniambia ninyamaze. Makaa yakawa mekundu, yakawa ya kijivu, yakawa meupe. Kila nikitaka kuingiza kijiti nilitoe, ananiangalia tu.

"Kitu kikishika moto, kiache kipoe na wakati wake," akasema. "Sasa sikiza, kwa sababu nyinyi Wakikuyu wa upande wa mlima kila kitu mnasugua na majivu."

Wacha nikwambie ukweli, nilikuwa nimeshafikiria hivyo hivyo. Likipoa nilisugue na majivu ling'ae.

"Usisugue na majivu, yanalikwaruza. Usiweke magadi. Usilichemshe. Uchukue maji ya vuguvugu, kama ya kuogesha mtoto mchanga, sabuni kidogo isiyo kali, na kitambaa cha nepi ya zamani. Ukimaliza ulikaushe. Lilale peke yake kwa kitambaa. Ukilichanganya na mawe mengine au na chuma litaumia. Mwenye kulivaa asilivae akikanda unga au akipasua kuni. Lisikae karibu na jiko. Na mtu asidanganyike kwa kuwa ni jiwe. Likianguka kwa simiti linapasuka."

"Wewe umejuaje haya yote?"

"Nimekaa nalo," akasema.

Kisha akaingiza vidole kwa yale majivu, akalitoa, akalipuliza.

Nilipiga kelele. Jiwe la turungi halikuwepo. Lililokuwa kwa kiganja chake lilikuwa buluu, ile buluu ya anga ya Bisil mvua ikikataa kunyesha. Akaligeuza kidogo, likawa zambarau kama biringanya. Akaligeuza tena, kukawa na wekundu kwa mbali ndani, kama taa ya nyumba ya mtu mwingine.

"Hii siyo ile," nikasema.

"Ni ile."

"Msichana hataamini! Atasema nimeuza la mama yake. Atasema mimi ni mwizi!"

"Asiangalie," akasema. "Ashike."

Akaliweka kwa mkono wangu. Jiwe lilikuwa na joto, vidole vyake vilikuwa baridi. Mimi sijawahi kukutana na mtu nikaacha kumuuliza jina, ndiyo maana ninayo majina yote mpaka leo. Nikamuuliza, "Mama, wewe unaitwa nani?" Aliniangalia tu, kama mtoto ameuliza kitu ambacho akikua atajua.

"Mama Ciku!" Ilikuwa sauti ya Halima kwa geti. Nikageuka. Nilipogeuka tena, kando yangu kulikuwa na beseni ya maji na hakuna mtu.

Nikaenda kufungua komeo. Halima aliingia akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatu.

"Nimesimama hapa kitambo," akasema. "Nimebisha mara tatu. Tangu lini unajua Kimasai?"

"Kimasai gani? Mimi najua salamu na bei ya maziwa."

"Usinichezee. Nimekuona kwa nafasi ya geti umechuchumaa peke yako, mkono umeunyoosha hewani kama umeshikwa na polisi, unaongea Kimasai kama mtu amezaliwa Bisil. Mimi nimeuza mbuzi na Wamasai maisha yangu yote, nimesikia kila neno. Ulikuwa unasema utaitwa mwizi."

Hapo ndipo nywele zilinisimama. Kwa sababu ni kweli, ndugu msomaji, yule mama hakuwa ameongea Kiswahili. Wala Kikuyu. Maneno yalikuwa yameniingia kama ya mama yangu mzazi, na sikuwa nimejiuliza ni lugha gani. Nikajaribu kumwambia Halima neno moja la yale niliyosema. Sikupata hata moja. Mpaka leo nikienda Bisil ninaongea na mikono.

Halima hakucheka. Alikaa chini kwa ngazi akasema dua yake. Halafu akasema, "Kesho nitakuwa hapa. Akikuita mwizi atuite wawili."

Usiku huo sikulala, na sikuona kitu kingine. Nilikaa tu na lile jiwe kwa kitambaa, nikimwambia Nasieku, kama umesikia, nisaidie.

Resiato alikuja saa nne. Jameni, alikuwa Nasieku mtupu, hata kutembea. Nilimkumbatia. Alikunywa chai, akakula kuku, akamsifu Halima kwa mahamri. Kisha akaweka kikombe chini akasema kwa adabu, "Cucu, niko na haraka kidogo. Ile kitu ya yeyo." Cucu ni nyanya kwetu, yeyo ni mama kwao.

Ningeweza kumdanganya? Ningesema kibuyu kililiwa na panya? Nilimweleza yote, kutoka furaha yangu mpaka kuku mpaka moto. Nikafungua kitambaa mbele yake.

Uso wake ulifunga.

"Cucu, jiwe la yeyo lilikuwa rangi ya turungi."

"Najua, mama."

"Hii ni chupa. Hii ni ile chupa ya buluu ya dawa ya tumbo." Machozi yalimjaa. "Kama ulipoteza, sema tu umepoteza. Ningekusamehe. Lakini usinipe chupa wakati ninaolewa."

Halima akaanza, "Wewe msichana, huyu mama..." Nikamwambia anyamaze. Mtoto alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Resiato, naomba kitu kimoja halafu uende na unilaani ukitaka. Usiliangalie. Funga macho ulishike."

Alikataa. Nikamwomba tena, na mimi siombi vijana mara mbili. Akafunga macho, kwa hasira, akanyoosha mkono. Nikamwekea.

Kidole gumba kilianza kutembea. Kilipita ule upande mrefu, kikafika kwa pembe, kikashuka pale kuna kingazi kidogo, kikazunguka kwenye ncha iliyovunjika. Kikarudi. Kikaenda tena, pole pole, gizani. Niliona kidole kikijua kabla yake. Akasema, "Yeyo." Akasema tena na tena, macho bado amefunga. Alikuwa anapewa lile jiwe akiwa na homa, akiwa mdogo, alishike mpaka alale. Mkono wake ulilijua kuliko macho yangu na yake.

Tulilia sote watatu, hata Halima, aliyesema ni moshi.

Ndipo Resiato akauliza yule mama alikuwaje. Nilipofika kwa sikio la kushoto, lile lilishonwa na nywele za mkia wa ng'ombe, aliniwekea mkono mdomoni. "Ni mama ya yeyo," akasema. "Mwiba ulimrarua akichunga. Mimi sikumwona, alienda kabla sijazaliwa. Ndiye aliyeliokota."

"Aliitwa nani?"

"Kwetu mtu akienda, jina lake haliitwi, Cucu."

Sikuuliza tena. Ndilo jina pekee ambalo sina, na nimelikosa kwa heshima.

Kabla ya harusi tulilipeleka kwa sonara mmoja Nairobi, mzee wa Kihindi mwenye miwani mbili. Aliliangalia mpaka chai yake ikapoa. Akasema ni tanzanaiti, na kwamba mengine yanatoka ardhini rangi ya turungi kabisa, ni moto unayageuza buluu. Nikamweleza moto wa kibuyu, akauliza nililipoza na nini. Nikamwambia sikulipoza, lilipoa lenyewe. Akashika kichwa. "Mama, ungemwaga maji, ungezoa vipande kama vya sukari." Akaanza kutufundisha namna ya kulitunza: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa laini, lisichemshwe, lisiguse majivu, lilale peke yake. Resiato aliniangalia, nami nikamwangalia. Hakuna neno jipya alilosema yule mzee, isipokuwa moja: afadhali liwe kidani kuliko pete, kwa sababu mkono unagongagonga vitu siku nzima.

Ni kidani sasa. Alilivaa kanisani Kajiado na watu wakaacha kuangalia bwana harusi. Kila Pasaka analileta kwangu tulioshe pamoja kwa beseni ndogo. Watoto wake wananiita cucu, wameongezwa kwa wangu.

Na hapa kwa kifundo cha mkono, pale nilishikwa, pamebaki baridi. Usicheke, weka kidole chako uone. Hata nikipika jikoni jasho likinitoka, hapo ni baridi. Daktari alisema ni damu ya uzee. Mimi ninashukuru. Kila asubuhi nikiamka napagusa kwanza, ninasema asante kwa yule nisiyejua jina lake, kwa sababu siku yangu ikifika nitakufa nikiwa mtu wa kuaminika.

Kwa hivyo, wewe unayesoma, nakuonya. Ukipewa kitu cha mtu ukiweke, usifikirie ni nyinyi wawili tu mmesikia lile neno. Mimi nilidhani nimemwahidi Nasieku na msichana wake, tuko watatu barazani Bisil. Kumbe tulikuwa wanne.